Sifa za Msoma Vigae

Katika pwani yetu, atajwapo mtu kuwa ni bingwa wa majengo na masalio ya kale, fikira za wasikilizaji aghalabu hukimbilia mawe. Hukimbilia Kilwa Kisiwani, ambako Msikiti Mkuu na kasri ya Husuni Kubwa, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya jabali litazamalo bahari, vingali vimesimama kwa sehemu. Hukimbilia Songo Mnara, ambayo pamoja na Kilwa iliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia. Hukimbilia Kaole na makaburi yake ya nguzo, na Gedi iliyomezwa na msitu karibu na Malindi. Wala fikira hizo hazikosei, maana ukuta wa matumbawe uliotiwa chokaa kwa mkono wa fundi hodari unastahiki taadhima. Lakini Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuihesabu miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, anasimulia kuwa nyumba za mji ule zilikuwa za miti. Sisi tumerithi mawe kwa sababu mawe ndiyo yaliyosalimika. Miti imeoza, na pamoja nayo limeoza karibu kila lililokuwa la mtu asiye sultani.

Mzenga, katika wilaya ya Kisarawe, hakuna minara wala kuta za matumbawe. Kuna udongo wa kichanga uoteshao mihogo na mikorosho. Kuna nyumba za miti zilizokandikwa udongo, zikipakana na nyumba mpya za tofali na bati. Na kuna reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ambayo ina stesheni yake hapo, na ambayo humpitisha msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Zambia bila ya kumpa sababu ya kudhani, akichungulia dirishani, kuwa ardhi ile ina jambo la kumweleza zaidi ya mavuno ya mwaka huu. Kumsifu bingwa wa mambo ya kale kwa kusimama mahali kama hapa kutaonekana na baadhi ya watu kuwa ni kulazimisha neno. Mimi naona kinyume chake. Ni katika nchi hii ya Wazaramo, isiyo na gofu la kutegemea, ndipo ubingwa wa kazi hii unapopimwa kwa haki. Na mtu ninayekusudia kumtaja, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jina lake katika ilimu lilianza kupata mizizi katika ardhi ya Kisarawe.

Mwaka 1988 aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Brown, nchini Marekani, tasnifu ya shahada ya uzamili juu ya makazi ya kale ya wafanya chuma katika wilaya ya Kisarawe, ambayo wakati ule ilikuwa pana kuliko ilivyo leo, kwa kuwa Mkuranga ilikuwa haijatengwa nayo, na mipaka yake ilifika baharini. Mwaka 1992 habari za mahali paitwapo Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, alizichapa katika jarida la Azania. Alichokikuta Limbo hakingemvuta mpiga picha hata mmoja: mavi ya chuma kwa wingi, na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Kwa mpita njia hizo ni taka, na kwa mkulima ni uchafu unaolitia jembe pengo. Kwa mwenye kujua kusoma, ule ulikuwa ushahidi kwamba katika karne za mwanzo za Miladi, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya jiwe la kwanza la Husuni Kubwa kuwekwa, walikuwapo katika vilima hivi watu waliojua kuchagua udongo wenye chuma, kujenga tanuri, kupeleka pumzi ya mivukuto ndani yake kwa mirija ya udongo, na kulitoa jembe katika jiwe.

Hapa nataka kukaa juu ya kazi yenyewe, maana mara nyingi husifiwa na watu wasiopata kuitazama. Mwanaakiolojia haanzi kwa kuchimba. Huanza kwa kutembea, hatua kwa hatua, macho yakiwa chini, katika mashamba na njia za ng'ombe na kingo za makorongo, akiuliza wazee na wakulima, kwa kuwa jembe la mkulima hutangulia kuona kila kitu. Akisha kuridhika na mahali, hupigilia vigingi, hufunga kamba katika pembe mraba, hutia pima maji ili kina chote kihesabiwe kutoka mstari mmoja, kisha hushuka, na chombo chake kikubwa si sururu bali ni mwiko mdogo wa mwashi, ambao kwa huo hukwangua udongo kidogo kidogo, sentimita 10 kwa mara moja, au pungufu ikiwa rangi ya udongo imebadilika. Kila ndoo itokayo hupita katika chekeche. Kila kigae, kila ushanga, kila mfupa wa samaki hutiwa katika mfuko wenye kibandiko kinachotaja shimo, tabaka na tarehe. Makaa huokotwa kwa uangalifu kuliko fedha, kwa sababu ndani ya makaa ya jiko la kale mna kaboni ambayo maabara hutambua kwayo umri wa moto ule. Na kuta za shimo, zikisha kunyooshwa, huchorwa moja moja katika karatasi ya mirabaraba. Haya yote ni ya lazima kwa sababu moja nzito: achimbaye huharibu akichimbacho. Udongo ulioondolewa haurudi ulivyokuwa, na shimo lililochimbwa kwa pupa limepotea kwa vizazi vyote, wala hapana mahakama ya rufani.

Katika ilimu hii kuna jambo moja ambalo kila mtu wa Mzenga angelifahamu kwa urahisi kuliko mgeni. Nguzo ya nyumba ikioza ardhini, nafasi yake hujaa udongo mwingine, nao huwa mweusi au mlaini kuliko ule ulioizunguka; na mchimbaji mwenye jicho, akikwangua sawasawa, huona duara dogo la kiza, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka chumba kizima kilichokuwa cha miti na udongo kinajichora mbele yake sakafuni. Kwa njia hiyo, huko Shanga katika visiwa vya Lamu, Mark Horton na wenzake, waliochimba katika miaka ya 1980, walikuta chini ya msikiti wa mawe msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, hata wakafika kwenye alama za nguzo za msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Ajengaye leo nyumba ya miti Kisarawe anaacha ardhini saini ileile.

Au chukua kigae kimoja mkononi. Tazama ukingo: ikiwa mdomo wa chungu ni mnene na umekatwa kingo mbili tatu au umetiwa mifereji, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni kazi ya zama zile za Limbo. Ikiwa shingo imechanjwa pembetatu mfululizo, zilizojazwa mistari ya mshazari kwa ncha ya kijiti kabla ya udongo kukauka, basi umeshika kitu cha takriban karne ya 6 hata ya 10. Geuza upande wa nje: masizi yanasema chungu kilikaa mafigani. Tazama palipovunjika: punje za mchanga zitakwambia mfinyanzi aliuchanganya udongo wake kwa kitu gani, na weusi wa katikati utakwambia moto wake ulikuwa mkali au hafifu. Mfinyanzi huyo huenda alikuwa mwanamke, kama walivyo wafinyanzi wengi wa Kizaramo mpaka leo. Jina lake halikuandikwa katika tarehe yoyote ya masultani, lakini alama ya kidole chake huweza kuwapo bado.

Vigae vya pembetatu ndivyo vilivyompandisha Chami daraja. Waliomtangulia walikuwa mabingwa wa kweli, na sitaki kuwapunguzia heshima yao: James Kirkman aliyeanza kazi Gedi mwaka 1948, na Neville Chittick aliyeichimba Kilwa kwa miaka mingi na kutoa mwaka 1974 kitabu kikubwa juu yake. Lakini zama zao zilitazama pwani kutoka baharini. Zilihesabu kauri za China na vyombo vya Ghuba ya Uajemi kuwa ndiyo lugha ya historia, na zikaona miji yetu kuwa ni makoloni ya wageni yaliyopandwa ukingoni mwa bara lililolala. Katika tasnifu yake ya uzamivu, aliyoitetea na kuichapa Uppsala, Sweden, mwaka 1994, juu ya pwani ya Tanzania katika miaka elfu ya kwanza ya Miladi, Chami alisimama upande wa pili na kutazama kutoka mashambani. Alionyesha kuwa mtindo wa pembetatu zilizochanjwa, ambao wengine huuita wa Tana, hukutwa visiwani na ufukoni na vilevile ndani ya bara, kwa mafundi walewale waliolima na kuyeyusha chuma. Na akatoa hoja kuwa mtindo huo ulichipuka katika ufinyanzi wa kale wa zama za Limbo, haukuja na jahazi. Kwa hiyo waliojenga baadaye kwa mawe walikuwa wazawa wa waliojenga kwa miti. Dini, biashara na maneno mengi yalivuka bahari, na tunayashukuru. Wenyeji wa mji walikuwa wamekwisha kuwapo.

Naona uzito wa hoja hii hautambuliwi vya kutosha huku kwetu. Mtoto wa Kisarawe aliyefundishwa kuwa ustaarabu ulianzia Kilwa na Bagamoyo na kumfikia babu yake ukiwa umechelewa, amedhulumiwa historia yake, na aliyemrudishia hakufanya hivyo kwa hotuba bali kwa mifuko ya vigae iliyoandikwa tarehe.

Baadaye alisogea kusini. Katika eneo la delta ya Rufiji alipata shanga za kioo ambazo alizihusisha na zama za Warumi, na mwaka 1999 akazitangaza kuwa ni kiungo cha kwanza kisichopingika kati ya pwani yetu na ule mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani wa karne ya 1, uitwao Periplus, unaoutaja mji wa Rhapta. Alichimba katika pango kisiwani Juani, upande wa Mafia, na katika mapango ya Machaga na Kuumbi kisiwani Unguja, akidai kuwa ufugaji na safari za bahari ni vya kale mno kuliko ilivyodhaniwa. Katika madai haya ya mwisho hakukubaliwa na wote. Wataalamu wengine waliirudia Kuumbi, na matokeo waliyoyachapa mwaka 2016 hayakuafikiana naye juu ya tarehe na juu ya wanyama wa kufugwa. Mimi si mwamuzi wa mifupa ya kuku, ila nasema kwamba mtu aliyethubutu kuuliza Waafrika wa pwani walikuwa wapi miaka elfu tatu iliyopita ameifaa ilimu hata pale anapopingwa, maana kabla yake swali lenyewe halikuonekana kuwa na haja ya kuulizwa.

Basi ijaza ya bingwa wa namna hii ni ipi? Shahada anazo, na zimetoka katika vyuo vyenye jina, uprofesa anao, vitabu anavyo, kimoja chao, cha mwaka 2006, juu ya umoja wa historia ya kale ya Afrika. Lakini naithamini zaidi ijaza iliyo katika watu. Kitengo cha akiolojia cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1985, siku ambazo Mtanzania mwenye ujuzi wa fani hii alikuwa nadra. Katika mtandao wa wanaakiolojia wa Afrika aliouratibu, na katika mfululizo wa vitabu aliouhariri pamoja na Gilbert Pwiti wa Zimbabwe na Chantal Radimilahy wa Madagaska, waliochimba nchi zao waliandika wenyewe walichokiona. Bertram Mapunda amezisoma tanuri za chuma za kusini magharibi mwa Tanzania. Abdurahman Juma ameisoma Unguja Ukuu. Kazi iliyokuwa ya wageni na vibarua wao wasiotajwa imekuwa kazi ya wenyewe.

Na vilima vya Kisarawe vinabadilika upesi. Dar es Salaam inapanuka, viwanja vinapimwa, mchanga unachotwa kwa malori, na tingatinga hufanya kwa asubuhi moja uharibifu ambao jembe lisingeufanya kwa karne. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huviweka katika himaya yake vitu na majengo yaliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863, wala haibagui kati ya jiwe na udongo: kigae cha Kisarawe kimo katika himaya ileile yenye kasri ya Kilwa. Basi ndugu yangu wa Mzenga, wa Maneromango na wa Msanga, uchimbapo msingi, kisima au choo, ukakuta mavi ya chuma au vigae vilivyochanjwa, usivitupe na usivipeleke nyumbani kuwa pambo. Viache vilipo, weka alama, simamisha kazi kwa muda, kisha mwarifu ofisa mtendaji wa kijiji ili habari iifikie Idara ya Mambo ya Kale au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wapo sasa vijana wa nchi hii wanaojua kuvisoma.