Wazimu, Kiwewe na Buufis: Msamiati wa Maradhi ya Akili na Mtihani wa Garissa

Mhusika aliyevurugika akili si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Katika riwaya mbili za mwanzo za Euphrase Kezilahabi, Rosa wa Rosa Mistika (1971) na Kazimoto wa Kichwamaji (1974) wote wanajiua. Uhakiki umewashughulikia kwa marefu na mapana. Rosa husomwa kama zao la malezi ya ukali, na Kazimoto kama kielelezo cha msomi aliyetengana na jamii yake na kuyaona maisha kuwa hayana maana. Usomaji huo una uzito wake. Hata hivyo, mara nyingi huliacha kando swali moja jepesi: je, watu hawa walikuwa wagonjwa?

Swali hilo linapoulizwa, msamiati wa mhakiki hukwama. Dhamira anayo, migogoro anayo, falsafa anayo. Lakini jina la hali ya mtu asiyepata usingizi, asiyeonja ladha ya chakula wala asiyeona haja ya kesho, halimjii upesi. Kiswahili kina makundi mawili ya maneno kuhusu jambo hili. Kundi la kwanza ni wazimu, kichaa, kupagawa na kupandwa na pepo. Wazimu ni jamaa ya mzimu, na kupagawa hudai kuwapo kwa kitu kilichomwingia mtu kutoka nje. Ni maneno mazito, na aliyebandikwa mojawapo huwa vigumu kulibandua. Kundi la pili ni huzuni, wasiwasi, fadhaa na mawazo. Haya hutaja hali zipitazo, ambazo dawa yake, kwa mujibu wa mazoea, ni kuvumilia. Baina ya makundi haya pana pengo. Mgonjwa huambiwa ama ana mawazo tu, ama amerukwa na akili. Katika hali ya kwanza hapati tiba. Katika ya pili hupoteza heshima.

Pengo hilo hudhihirika zaidi pale Kiswahili kinapokutana na lugha nyingine mbele ya mgonjwa. Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni mahali pa namna hiyo. Lugha ya nyumbani kwa wakazi wengi ni Kisomali, ilhali Kiswahili, pamoja na Kiingereza, ni lugha ya ofisini, shuleni na hospitalini. Kisomali kina neno waali kwa wazimu, kama Kiswahili kilivyo na lake. Lakini kina pia murug kwa huzuni na dhiki ya moyo, welwel kwa wasiwasi, na qalbi jab kwa kuvunjika moyo. Mkalimani akiyafanya yote kuwa "mawazo", muuguzi ameelezwa habari pungufu, na huenda tiba nayo ikawa pungufu.

Neno lenye mafunzo makubwa zaidi ni buufis. Limeshamiri katika kambi za wakimbizi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, zilizoanza mwaka 1991 baada ya dola ya Somalia kuanguka. Kambi za awali zilikusudiwa watu wapatao 90,000. Mwaka wa ukame wa 2011 idadi ilipita 400,000. Asili ya neno ni kitenzi chenye maana ya kupuliza au kujaza hewa. Buufis ni shauku ya kuhamishiwa ng'ambo. Ni hali ya kuishi mwili ukiwa hapa na moyo ukiwa kwingine. Tena ni ugonjwa unaomshika mtu shauku hiyo inapovunjika. Januari 2017 Marekani ilipofunga mlango kwa raia wa nchi saba, Somalia ikiwamo, wapo wakimbizi wa Dadaab waliokuwa wamekwisha kukubaliwa kusafiri. Kuhusu hali ya watu hao, wazimu ni neno la uongo na huzuni ni neno dogo. Buufis hulitaja tumaini, kungoja na kuvunjika kwa pamoja. Yaani huutaja ugonjwa bila kukisahau chanzo chake.

Hapa ndipo ulipo udhaifu wa kiwewe, neno ambalo Kiswahili cha leo kimelipa kazi kubwa. Baada ya shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, kiwewe lilikuwa neno la lazima, na lilifaa. Lakini kiwewe hudokeza mshtuko mmoja wenye siku yake. Eneo hili lilikaa chini ya sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Lilishuhudia mauaji ya Bulla Kartasi mjini Garissa mwaka 1980, na ya Wagalla, Wajir, mwezi Februari 1984. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyatia matukio hayo katika kumbukumbu rasmi mwaka 2013. Machungu yaliyorithiwa kwa kimya kwa muda wa kizazi kizima hayatoshei katika neno la mshtuko wa siku moja.

Huenda ikadaiwa kwamba istilahi za kitabibu, kama skizofrenia, au sonona katika maana yake mpya, zinatosha. Zinahitajika bila shaka, kwani pasipo jina la ugonjwa hapana dawa. Hata sheria hufuata majina: nchini Kenya kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Lakini istilahi ya daktari humtaja mgonjwa bila kambi yake, bila hali ya hatari na bila aliyefunga mlango. Fasihi na uhakiki vina wajibu wa kuyarudisha hayo. Kumsoma Kazimoto kama mgonjwa hakumwondolei falsafa yake, humwongezea ubinadamu.

Kiswahili kilikopa bila haya katika biashara, dini na siasa, na hapana sababu ya kuona haya katika maumivu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu mwenye kuficha. Haikumfikiria mwenye maradhi ambaye hakuficha kitu, aliyekwenda hospitalini akayataja kwa lugha yake, naye mkalimani akakosa neno la kuyapokelea.