Monita iliwaka, kosa likabaki

Ile video ya monita ya inchi 19 imezunguka kwenye simu za mafundi, na wengi wenu mmeishangilia. Mwanzoni taa za nyuma zinawaka sekunde mbili na kuzima huku kitaa cha pawa kikibaki kijani. Mwishoni zinawaka na hazizimi tena, fundi anatabasamu, video inakatika. Mimi sikushangilia. Zile taa ziliwaka kwa sababu aliupiga dairekti ulinzi wa inveta, na kwa chombo kitakachorudi mezani nyumbani kwa mtu, jirani na pazia na madaftari ya watoto, sioni uamuzi mbaya kuliko huo ambao angeweza kuufanya akiwa na solda mkononi.

Kazi ya kabla ya hapo ilikuwa safi. Alimulika kioo kwa tochi akaiona picha hafifu, alitoa chaji ya kapasita kubwa kwa balbu badala ya bisibisi, akabadili kapasita mbili zilizovimba na kuweka za nyuzi 105. Sina neno.

Turudi kwenye dakika iliyoharibu kila kitu. Kapasita mpya zimeingia, monita imewashwa, zikapita sekunde mbili, giza. Fundi anaguna. Mita iko pale pale kwenye kona ya meza, nyaya zake zimeviringwa vizuri, na wala haiangalii. Anaigeuza bodi, anaifuata njia ya shaba hadi kwenye mguu wa ulinzi wa IC, anaikata kwa wembe, kisha anaulehemu ule mguu kwenye graundi. Hakuna kipimo hata kimoja kati ya giza na wembe. Mtu aliyekuwa anafikiri vizuri tangu mwanzo ameacha kufikiri papo hapo, tena mbele ya kamera.

Hizo sekunde mbili si ugonjwa. Inveta inachukua volti kumi na kitu kutoka kwenye pawa saplai na kuzipandisha kuwa mia kadhaa, kwa mapigo ya makumi ya maelfu kwa sekunde. Taa ya katodi baridi ikishawaka hutulia kwenye volti 600 hadi 800 hivi na kula miliampea chache tu, lakini ili iwake mara ya kwanza inadai zaidi ya 1,000. IC inajua hilo, kwa hiyo inatoa muda mfupi wa kuwashia bila kuuliza maswali. Muda ukiisha inaanza kudai hesabu: mkondo umerudi kutoka kwenye kila taa? Volti imepanda kupita kiasi? Taa moja isipojibu, inafunga zote. Monita ile ilikuwa inasema, kila ilipowashwa, kwamba pawa saplai inatosha kuwasha lakini upande mmoja wa taa haujibu. Fundi gani anaelezwa tatizo waziwazi hivyo, halafu anamziba mdomo anayemweleza?

Mnaobisha, rudieni ile video pale anaposhangilia, muutazame ukingo wa chini wa kioo. Juu ni kweupe, chini kuna utepe uliofifia unaovuta rangi ya waridi. Monita hiyo ina taa nne, mbili juu na mbili chini. Moja ya chini haikuwaka kabisa, na mwenzake naye anaonekana amechoka. Yaani alichokitengeneza ni monita ya taa tatu.

Na ile njia ya nne? Trafo iliyobaki bila mzigo haipumziki. Inaendelea kusukuma volti za kuwashia kwenye waya usio na taa, na aliyekuwa akiizuia ameshakatwa kwa wembe. Volti hizo zitatafuta pa kutokea: kwenye plagi yenye ufa, kwenye insuleta ya waya, kati ya mzunguko mmoja wa koili na mwingine. Cheche ikishapita mahali pa plastiki inaacha masizi, masizi yanapitisha umeme, na cheche ya pili inapita kwa urahisi zaidi. Msijipe moyo kwa fyuzi. Fyuzi ya ampea 3 upande wa umeme mkubwa haina habari na cheche ya wati chache. Plastiki itayeyuka na yenyewe ikiwa nzima.

Kazi iliyotakiwa haikuwa hata ngumu. Kabla ya yote, mita kwenye laini ya inveta wakati wa kuwasha: ikizama, bado ni pawa saplai, na kapasita nyingine iliyonyooka kichwa inaweza kuwa imekufa ndani bila kuvimba. Isipozama, chomoa umeme, toa chaji, pima omu za upande wa pili wa trafo zote mbili na uzilinganishe. Trafo pacha zinapaswa kusoma karibu sawa; inayotofautiana sana ina koili iliyokatika au iliyopiga shoti. Angalia miguu yake pia, maana joto hupasua lehemu. Zikiwa sawa, badilishana plagi za juu na za chini kama nyaya zinafika, kisha washa. Sekunde mbili zinatosha kabisa kuona. Utepe ukihamia juu, ubovu ni wa inveta. Ukibaki chini, ni taa. Ila msipeleke mita ya kawaida kwenye plagi ya taa ikiwa inafanya kazi, mtaizika.

Nimesema sana kuhusu dairekti katika safu hii na najua kuna mnaochoka. Mtachoka zaidi. Ni tabia ile ile ya karatasi ya pakiti ya sigara kuzungushiwa fyuzi iliyokatika, ya waya wa shaba kwenye plagi ya friji, ya stebilaiza inayorukwa kwa sababu “inasumbua”. Kila mara kifaa cha ulinzi ndicho kinachohukumiwa.

Mafundi redio wa zamani hawakuwa hivyo. Bodi wasiyoiamini waliiwasha kupitia balbu ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, walijua kuna shoti, nao hawajachoma kitu. Waliongeza ulinzi pale ambapo huyu wetu ameukata. Wale hawakuwa na mita ya kidijitali, wala mtu wa kuwapigia makofi.

Na kama mtu ataniambia inveta ni jambo jipya wasilolijua wazee, nitamtajia Jim Williams wa Linear Technology. Mwaka 1995 kampuni hiyo ilitoa andiko lake namba 65 kuhusu taa za nyuma za vioo, ambalo mpaka leo sijaona la kulishinda. Sehemu kubwa yake inahusu kupima. Alionya kwamba kifaa cha kupimia chenyewe kinaongeza mzigo kwenye njia ya taa na kupotosha jibu, na hakuridhika na hesabu za umeme za ufanisi wa inveta mpaka alipozithibitisha kwa kupima joto linalotoka. Alifariki mwaka 2011. Huyo alibuni inveta na bado hakuziamini namba zake mpaka azihakiki kwa njia ya pili; sisi tunapewa monita ya mtu na hatuhitaji hata namba moja.

Najua jibu la mtaani: taa hizo hazipatikani tena, na mteja anataka iwake leo. Kupatikana ni shida kweli, kwa sababu tangu karibu 2010 viwanda vilihamia LED, na hata ukiipata, ile mirija isiyofika milimita 3 kwa unene inavunjika kwa kutazamwa tu, tena ina zebaki ndani. Basi ng'oa inveta, weka utepe wa LED na bodi yake ndogo, ipe volti 12 pamoja na waya wa kuwashia na wa kupunguza mwanga kutoka bodi kuu. Rangi haitakuwa ile ya awali na mteja aambiwe hivyo. Kama hataki gharama, mrudishie monita yake ikiwa mbovu. Mbovu inayojizima haiunguzi nyumba.

Kuna na ile gundi ya kahawia iliyokuwa imezunguka kapasita alizozitoa. Aliiacha, akapachika mpya juu yake. Gundi ile ikikaa kwenye joto miaka mingi inageuka, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri vilivyo jirani. Bodi ilikuwa mkononi na wembe alikuwa nao. Angekwangua gundi badala ya kukata njia ya shaba, tungekuwa tunazungumza mengine.