Pongezi kwa Watambuzi wa Vishikio vya Kerezo

Kishikio cha kerezo, yaani kifaa kinachobana chuma kinachokerezwa ili kizunguke pamoja na mhimili wa mashine, kina historia ndefu katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ambako Simon Fairman alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1840, na mkwewe, Austin Cushman, akaja kuanzisha kiwanda mjini Hartford.

Mafundi wanaotambua na kuthamini vifaa hivyo vikongwe wanastahili pongezi za dhati, kwa kuwa kazi yao hudai subira na uaminifu. Kwanza huondoa grisi iliyoganda kwa kitambaa na mafuta badala ya msasa, wasije wakafuta jina la kiwanda au tarehe ya hataza, ambayo huthibitisha tu kwamba kifaa hakikutangulia tarehe hiyo. Kisha huchunguza taya, ambazo ndizo zinazobana: zikiwa tatu, kwa kawaida husogea pamoja, ilhali zikiwa nne, mara nyingi kila moja huendeshwa kwa skrubu yake. Namba zilizogongwa kwenye taya zikilingana na za mwili, thamani hupanda, kwani taya iliyoazimwa kwingine ni nadra kukaa sawasawa. Mwisho hupima hesi za nyuma, zinazoamua kifaa kitaingia kwenye mashine ipi.

Kwa ujuzi huo, kazi ya mikono ya waliotangulia huokolewa kutoka kwenye lundo la vyuma chakavu, ikarudi kutumika kwa heshima inayostahili.