Nyumba ya Kupangisha Husomwa Kuanzia Uani

Dalali atakuingiza kwa mlango wa mbele, maana rangi mpya iko mbele. Wewe pitiliza ukumbini, utokee uani. Katika zile nyumba za Dar es Salaam za vyumba sita, vitatu kushoto na vitatu kulia, maisha ya wapangaji yako nyuma: chooni, bafuni, bombani, kwenye kamba za nguo. Mwenye nyumba anayeijali nyumba yake utamjua hapo. Omba mfuniko wa karo ufunguliwe. Likiwa limejaa hadi kwenye bomba la kuingizia wakati wa kiangazi, masika litafurika, na gari la majitaka utaliita wewe.

Maji ndiyo yanayoua nyumba nyingi za mji huu, kwa hiyo ukiweza nenda kuangalia kati ya Machi na Mei, mvua ikinyesha. Niliwahi kuonyeshwa nyumba Kigogo, upande wa bonde la Msimbazi. Kuta kavu, sakafu inang'aa, bei nzuri. Nikabisha hodi chumba cha nne, mama mmoja akanikaribisha. Kila mguu wa kitanda chake ulikuwa juu ya matofali mawili, na friji nayo imeinuliwa vivyo hivyo. Nikamuuliza, "Mama, maji huwa yanafika wapi?" Akainama, akaweka kiganja chini kidogo ya goti. Bonde hilo ndilo lililofurika Desemba 2011 hadi serikali ikahamishia watu Mabwepande. Tangu siku ile, kabla sijatazama ukuta natazama miguu ya vitanda.

Nyufa zisikutishe zote. Ufa mwembamba kama unywele ni wa plasta, fundi ataumaliza kwa siku moja. Unaopanda ngazi ngazi kufuata viungo vya matofali, au unaoanzia pembe ya dirisha na kupanuka kadiri unavyokwenda, huo unatoka kwenye msingi. Ukutani chini, sugua kwa kidole: rangi ikibanduka na unga mweupe ukabaki, chumvi imeshaingia, na kupaka rangi upya hakutasaidia. Paa sina mengi ya kusema, ila kumbuka bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30.

Kisha kaa na wapangaji. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na wanunuzi wapya hukiruka kwa haya. Uliza kila mmoja ameingia lini. Tuseme nyumba inauzwa milioni 60 na kila chumba ni 50,000 kwa mwezi. Vyumba sita vikijaa ni 3,600,000 kwa mwaka, yaani karibu miaka 17 kurudisha fedha yako kabla hujanunua hata kitasa. Vyumba vitatu vikihamwa kila mwaka na kukaa vitupu miezi miwili miwili, umepoteza 300,000, sawa na mwezi mzima wa nyumba yote. Wanaohama mara kwa mara wana sababu, na mara nyingi ni ndogo, tena inatibika: mita moja ya LUKU kwa vyumba sita, ugomvi wa umeme kila jioni. Kwa nyumba ya namna hiyo mimi ningenunua, nikafunga mita ndogo kila chumba.

Karatasi zishughulikie mapema, sio baada ya kupatana bei. Yenye hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama imewekwa rehani benki. Yenye leseni ya makazi, nenda serikali ya mtaa, kisha uongee na majirani wa mipaka yote minne. Ikiwa ya mirathi, anayeuza awe msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wajue. Ikiwa ni nyumba ya mume na mke, ridhaa ya mwenza ni takwa la Sheria ya Ndoa ya 1971. Mume akikuambia mkewe yuko safarini na kwamba hana neno, usitoe hata advansi. Mwambie utarudi siku atakayokuwepo.