Mandhari ya Uturuki na Picha Zisizo na Watu

Huenda ukutani kwako ipo kalenda ya Uturuki: mlima wenye theluji, ziwa, na mnara wa msikiti kwa mbali. Nzuri, sikatai. Lakini hebu iulize: wenyeji wa pahala hapo wako wapi?

Sultani Abdülhamid wa Pili aliutambua mapema uwezo wa picha. Mwaka 1893 alipeleka Marekani albamu 51, na mwaka uliofuatia Uingereza, ili mataifa yaione dola yake kama alivyotaka yeye ionekane. Skuli, hospitali, majeshi, misikiti. Ardhi ilikaa pembeni. Ilipokuja Jamhuri, serikali katika miaka ya 1930 ikamwajiri Othmar Pferschy, mtu wa Austria, naye akaizunguka nchi na kamera yake. Huyu alikuwa fundi wa nuru. Nyanda zake na mawingu yake hupendeza hata leo, ila mwenye kulipa ndiye aliyechagua cha kuonyeshwa.

Kwangu mimi, lililo kubwa lilipatikana kwa kupotea njia. Mwaka 1958 Ara Güler alikwenda kupiga picha ufunguzi wa bwawa. Usiku dereva akapotea, wakatokea kijiji cha Geyre. Kumbe wanakijiji wanaishi ndani ya magofu ya Aphrodisias! Nguzo za kale zimo katika kuta za nyumba, na wanaume wanacheza karata juu ya vichwa vya nguzo. (Bwawa lenyewe nani analikumbuka?) Picha zile ndizo zilizowavuta wataalamu, baadaye uchimbaji ukaanza, na kijiji kikahamishwa. Güler, aliyefariki mwaka 2018, hakupenda kuitwa msanii. Alisema yeye ni mwandishi wa habari kwa picha, nami naona hapo ndipo ilipo siri yake.

Nuri Bilge Ceylan, mtengeneza filamu, ameshika njia nyingine katika picha zake ziitwazo Turkey Cinemascope: upana mkubwa, mbingu nzito, mtu mdogo. Huzuni imezidi kidogo, kwa maoni yangu. Lakini mtu yumo.

Sasa fikiri habari ya Hasankeyf, mji mkongwe ukingoni mwa mto Dijla. Wageni wameupiga picha jua likichwa, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2020 maji ya bwawa la Ilısu yakaufunika mji wa chini. Nyingi katika picha nilizoziona zina mto, magofu na wekundu wa jioni. Mimi natafuta ile yenye mama anayeanika nguo.