Mawe Yalitoka, Paneli Zikaingia

Video ile mmeiona. Imezunguka simu za South B, ikavuka Jogoo Road, na wiki hii hata kinyozi wangu wa Makadara alinionyesha kana kwamba mimi ndiye wa mwisho kuipata. Kwa hivyo sitasimulia jinsi chumba cha mtumishi nyuma ya nyumba kilivyogeuzwa sauna. Naenda dakika ya saba, maana hapo ndipo sauna ilipokufa.

Jiko la mawe la kilowati 8 limeshakaa sakafuni, linangoja kuunganishwa. Mwenye nyumba anaingia na katoni aliyoitoa kwenye godauni moja hapo Industrial Area, anaagiza jiko litolewe. Katonini mna paneli nne za infraredi. Fundi anaipima moja kwa kiganja. "Mzee, hizi ni za kabati dogo." Jibu analopewa: "Weka tu, fundi. Hilo jiko litanimalizia tokeni." Fundi ananyamaza sekunde tatu, kisha anachukua drili.

Nimezirudia sekunde hizo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Fundi alijua. Sisi wengine tujikumbushe alichokijua.

Chumba kina mita 2 kwa 1.9, dari mita 2.1, yaani karibu mita 8 za ujazo. Kipimo cha haraka cha sauna ya mawe ni kilowati moja kwa kila mita ya ujazo, kwa hivyo jiko la 8 lilikuwa saizi yake hasa. Benchi la juu lilijengwa mahali ambapo nyayo za mkaaji zingekaribia usawa wa mawe, kwa sababu joto hupanda na hewa ya sakafuni hubaki baridi. Kila ubao uliopigiliwa mle ulidhani chumba kitakuwa na hewa ya nyuzi 80 au 90.

Paneli ya infraredi haina haja na hewa. Inaupasha mwili wenyewe kwa mionzi, kama jua la asubuhi linavyokupasha uso ilhali kivulini bado unatetemeka. Ndiyo maana kabati lake halisi ni dogo mno: paneli mgongoni, paneli ubavuni, paneli nyuma ya miguu, zote zikiwa karibu kiasi cha kuzigusa. Hewa ya ndani huishia nyuzi 45 hadi 60, na inatosha, mradi mionzi inakufikia pande zote.

Sasa tazama zilipofungwa. Zote nne kwenye ukuta mmoja, ule wa mlango, mita moja na nusu kutoka benchi. Kwa umbali huo sehemu kubwa ya mionzi inakwenda kupasha mbao za saipresi. Mkaaji anapata joto kifuani na magotini, mgongo unabaki na ukuta. Nguvu ya paneli zote kwa pamoja ni kilowati 1.8, ndani ya chumba kilichopimiwa 8. Baada ya dakika 40 kipimajoto kinasoma 38, na mwenyewe anatabasamu kwa kamera. Nyuzi 38! Mombasa mwezi wa Machi, chini ya paa la mabati, hupati hizo kwa kununua.

Halafu kuna ile ndoo ya mbao na kata yake, ambayo hakuiondoa. Imewekwa kando ya paneli, pambo. Atakuja mgeni asiyejua, amwagie maji kitu chenye volti 240, kwa sababu mahali penye ndoo na kata mtu humwaga.

Kumwaga maji ndiko kulikouzwa kwa bei ya katoni. Kata ndogo ya gramu 200 ikigeuka mvuke juu ya mawe hubeba karibu kilojuli 450. Hiyo ni sawa na kazi ya paneli zote nne kwa zaidi ya dakika nne, nayo inatoka kwa pumzi moja. Mvuke ule ukikuta ngozi, ambayo ni baridi kuliko wenyewe, hugeuka tena maji na kuachia sehemu ya joto hilo hapohapo. Lile wimbi linalokushika masikio kwanza, kisha mabega, chanzo chake ni hicho. Aliyewahi kupiga nyungu chini ya blanketi, sufuria ya majani ya mwarobaini na mkaratusi mbele yake, hahitaji fomula. Bibi zetu waliujua mvuke bila plagi.

Kazi nyingine ni safi, nikiri: foili imezibwa viungo vyote, mlango unafunguka nje, tundu la kutolea hewa liko chini ya benchi.

Wasomaji wa zamani wanajua sasa nitataja reli. Naam. Industrial Area hii ilikua ubavuni mwa reli, na wanaume wa Makongeni na Muthurwa waliokuwa karakana za reli waliufahamu mvuke kwa vidole. Nendeni makumbusho ya reli mkaione Mount Gelai, moja ya injini za mvuke 34 aina ya Garratt za daraja la 59 zilizotoka Manchester mwaka wa 1955 na 1956, tani 250 na ushei. Hakuna fundi wa kizazi kile ambaye angejenga boila kwanza halafu aende dukani kutafuta moto wa kuitosha. Huko Unguja, mafundi wa Sultan Barghash walipojenga Hamamni, njia za maji ya moto zilipita chini ya sakafu tangu msingi. Joto lilichaguliwa kabla ya kuta. Sisi tuna ukuta mzuri na moto wa kubahatisha, na tunaita maendeleo.

Nina deni pia na wauzaji wa magodauni, na sitalisamehe mwaka huu. Mmoja aliwahi kuniambia, uso mkavu, kwamba mionzi yake inapenya hadi kwenye mfupa na kutoa sumu mwilini. Mionzi ya infraredi ya mbali inaishia kwenye ngozi, haimalizi hata milimita moja. Joto linaloingia ndani hubebwa na damu. Jasho ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa. Sumu ni kazi ya ini na figo, nazo hazihitaji katoni. Kisha akanitolea utafiti wa Kuopio, Finland, uliochapishwa mwaka wa 2015, uliofuatilia wanaume 2,315 kwa takriban miaka 20 na kukuta vifo vya moyo ni vichache kwa walioingia sauna mara nne hadi saba kwa wiki. Utafiti mzuri. Lakini wale walikaa kwenye sauna za Kifini, zenye joto la karibu nyuzi 80. Ukiuza paneli, taja Wajapani na tiba yao ya Waon: dakika 15 kwenye infraredi ya nyuzi 60, kisha nusu saa ndani ya blanketi. Huo ndio ukoo wako.

Na infraredi ina mahali pake. Mwenye nyumba ya vyumba viwili Buruburu, asiyeweza kuvuta waya mpya, anayetaka jasho la polepole kabla ya kulala, anunue kabati kamili na alichomeke kwenye soketi ya amperi 13. Sitamcheka.

Tokeni basi, kwa kuwa ndiyo hoja pekee aliyoitoa. Hofu si ya bure. Jiko la kilowati 8 kwa saa moja na nusu, ukihesabu kwamba thamostati hulizima mara kwa mara, litakula kama uniti 8 au 9. Mara tatu kwa wiki unakaribia uniti 100 kwa mwezi juu ya friji na pasi, na Kenya Power itakuweka daraja la bei ya juu. Lakini dawa ilikuwa mbele yake dakika ya pili, kabla ubao wa kwanza haujapigiliwa: kata chumba nusu. Mita 4 za ujazo, jiko la kilowati 4.5, amperi 19, na uniti zinapungua karibu nusu. Watu wawili wanakaa vizuri, mawe yanabaki, kata inabaki. Au aende Kamukunji, achomelewe jiko la kuni la bati nene lenye bomba linalotoka nje kabisa. La kuni, nasema. Anayefikiria kuingiza jiko la makaa kwenye chumba kilichozibwa foili aache kusoma hapa, hewa ya makaa inaua.

Mara ya mwisho nilipoitazama nilisimamisha picha sekunde chache kabla haijaisha. Nyuma ya bega la mwenye nyumba, pale jiko lilipokuwa, waya ya milimita 10 imetokeza ukutani, ncha zake zimefungwa tepu nyeusi. Nje ya mlango kuna swichi ya amperi 40, mpya, na taa yake nyekundu inawaka.