Safari Hupangwa kwa Mteremko

Shemeji yangu hupanga safari kwa kufuta. Anatandaza ramani ya Colorado juu ya meza ya chakula, anabana pembe zake kwa vikombe, anachukua kalamu nyekundu na kuanza kukata barabara ambazo hatapita. Ya kwanza kukatwa ni namba 82 inayopanda Independence Pass, mita 3,687 juu ya usawa wa bahari. Gari lolote linalofika futi 35, kama mita 10.7, haliruhusiwi kupita pale, na pikapu yake ikishaungwa na trela inakaribia mita 13. Dada yangu anaitaka njia hiyo kwa sababu ya picha alizoziona. Shemeji anamsikiliza mpaka amalize, kwa adabu zote, kisha kalamu inapita.

Trela lenyewe limeegeshwa ubavuni mwa nyumba yao huko Aurora, mashariki ya Denver. Ni chumba, jiko na choo juu ya ekseli mbili, urefu wa mita 7.3, na bati lake limeshaanza kupauka kwa jua. Majirani wengi wanayo ya aina hiyo. Ninachokiona kwa shemeji, na sijakiona kwa majirani, ni daftari. Kabla ya kuja Marekani alikuwa utingo, baadaye dereva, kwenye malori ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na mtu aliyeshuka mlima wa Kitonga na shehena ya mbolea mgongoni haioni milima kama mtalii anavyoiona. Katika daftari lake kila mlima una mstari wake: kimo, ukali wa mteremko kwa asilimia, urefu wa mteremko, na upande ambao korongo lipo.

"Kupanda ni kazi ya injini, shemeji," ananiambia bila kuinua macho. "Kushuka ni kazi yangu."

Nia ya safari ni barabara namba 550 kusini-magharibi mwa jimbo, kutoka Durango kwenda Silverton hadi Ouray. Kipande cha mwisho, kati ya Silverton na Ouray, ndicho kinachoitwa Million Dollar Highway. Mwanzo wake ni barabara za kulipia alizochonga Otto Mears miaka ya 1880 ili mikokoteni ifike kwenye migodi ya fedha; lango la kutozea lilisimama juu kabisa ya maporomoko ya Bear Creek, mahali ambapo hapakuwa na namna ya kulizunguka. Leo ni lami ya njia mbili, finyu, na sehemu nyingi za ukingoni hazina vyuma vya kuzuia gari. Wakati wa baridi theluji lazima ipate pa kusukumiwa, nayo husukumiwa bondeni.

Hapo kalamu inasimama kwa muda mrefu. Kutoka Denver, njia iliyozoeleka ya kwenda Ouray ni ya magharibi: kuvuka Monarch Pass, kupita Gunnison na Montrose, kisha kuingia Ouray kutokea kaskazini na kupanda kuelekea kusini. Shemeji anaikataa. Marekani magari hupita kulia, na kwenye korongo la Uncompahgre, juu ya Ouray, anayekwenda kusini ndiye anayepita ukingoni kabisa. Anayekwenda kaskazini anaambaa na mwamba, na njia nzima ya wanaokuja iko kati yake na shimo. Kwa hiyo anageuza safari yote. Wataanza kusini, kupitia bonde la San Luis na Wolf Creek Pass, walale Pagosa Springs, waende Durango, kisha wapande kaskazini. Monarch itabaki kuwa njia ya kurudia. Uamuzi huo unaongeza kilomita nyingi, naye anazijumlisha pembeni mwa ramani, anazitazama, anazikubali.

Baadaye ndipo anapohesabu mengine ambayo mimi ningeanza nayo: lini, na kulala wapi. Wiki ya mwisho ya Septemba, kwa sababu majani ya miti ya aspen huwa yamegeuka manjano na ngurumo za mchana za Julai na Agosti zimepungua. Kambi ni Ridgway State Park, kaskazini ya Ouray, penye umeme na nafasi ya kugeuza trela. Haya yalimchukua muda mfupi kuliko kikombe kimoja cha chai.

Kisha tunahamia uani, kwenye uzito.

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva wa pikapu kuna kibandiko kinachosema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi kilo 726. Shemeji anaandika: watu watano, mimi na watoto tukiwamo, kilo 335. Vyuma vya kuungia trela, kilo 45. Halafu kile ambacho wengi hukisahau: uzito unaoshuka kutoka kwenye mkono wa trela na kukalia kipira cha chuma nyuma ya gari. Huo nao ni mzigo wa pikapu. Unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela zima. Ukipungua, trela linakuwa zito mkiani na likipata mwendo linaanza kuyumba, likiivuta pikapu kulia na kushoto. Ukizidi, pikapu inakaa chini nyuma, na magurudumu ya mbele, yale yanayopiga kona, yanakuwa mepesi barabarani.

Mizani aliyoizoea ni ile ya Tanzania inayompa dereva wasiwasi. Hii ya kituo cha malori anailipia mwenyewe, kwa hiari, na anapima mara tatu. Kwanza pikapu peke yake, sote tukiwa ndani: kilo 2,850. Pili, pikapu na trela: ekseli za pikapu zinasoma 3,174, za trela 2,376. Anatoa ya kwanza kwenye ya pili, anapata kilo 324, anagawanya kwa kilo 2,700 za trela zima, anapata asilimia 12. Tatu, anafunga vyuma viwili vya springi vinavyounganisha mkono wa trela na pikapu, anavikaza kwa mnyororo, anarudi mizanini. Ekseli ya mbele, iliyokuwa imepoteza kilo 100, imerudishiwa 70. Anatikisa kichwa kukubali.

Jumla ya mzigo wa pikapu ni kilo 704. Zinabaki 22. Unafuu ulioletwa na zile springi haugusi. Anasema huo ni wa barabara, si wa kupakia. Jenereta ndogo iliyokuwa iwekwe nyuma ya pikapu ina kilo 25, basi inarudi stoo. Niliona jinsi alivyoibeba: bila kunung'unika kuhusu kilo tatu, wala kusema kwamba hakuna atakayejua.

Tangi la maji safi la trela hili liko nyuma ya ekseli. Likijazwa lita 150 ni kilo 150 mkiani, na ile asilimia 12 inaharibika. Linabaki karibu tupu. Maji yatachotwa kambini. Vyakula vya makopo, ambavyo dada alivipanga kwenye kabati la nyuma kwa sababu ndilo kubwa, vinahamishiwa chini, katikati, juu ya ekseli. Dada naye ana hesabu zake, na sikumsikia shemeji akizipinga. Silverton iko mita 2,840 juu. Huko maji huchemka kwenye nyuzi 90 na kidogo, na maharage yanaweza kukaa jikoni mchana kutwa yasiive. Aliyachemsha nyumbani kwa sufuria ya presha, akayagandisha kwenye mifuko bapa ambayo pia ilifanya kazi ya barafu.

Matairi hukaguliwa alfajiri, kabla jua halijagusa upande mmoja wa trela na kuudanganya upepo. Shemeji anapiga goti kwa kila tairi. Anasoma tarakimu nne za mwisho zilizochorwa ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka wa kutengenezwa, kwani tairi la trela huzeeka kwa kusimama kuliko kwa kutembea. Anapitisha kiganja kifuani mwa tairi, upande wa ndani hadi wa nje, akitafuta mahali palipolika isivyo sawa. Kisha nati, kwa spana ya kupimia mkazo, moja na ile inayoielekea, mpaka spana itoe mlio wake. Zitakazwa tena baada ya kilomita 80 za kwanza.

Breki za trela ni za umeme, na kuna kisanduku chini ya usukani kinachoamua zishike kwa nguvu kiasi gani. Tukaenda kwenye uwanja mtupu wa maegesho. Alikwenda kilomita 40 kwa saa, akabana kwa kidole kile kiwiko kidogo cha kisanduku, bila kugusa pedali. Trela likatushika shati kwa nyuma. Akaongeza nguvu kidogo, akarudia, akaongeza, mpaka matairi yakalia. Akapunguza hatua moja. Kiwiko hicho ndicho kinga yake trela likianza kuyumba: unabana breki za trela peke yake, linanyooka, na mguu unakaa mbali na pedali ya gari. Alinifanyisha mara kadhaa nikiwa nimekaa upande wa abiria, mkono wangu ukivuka kufika kwenye kiwiko. Mwisho akachomoa pini ya waya wa dharura, ule unaofunga breki zote trela likikatika, akahakikisha magurudumu yamegoma, akairudisha. Minyororo miwili ya usalama akaipishanisha chini ya mkono wa trela, ili mkono ukidondoka udakwe na kile kitanda cha minyororo.

Tulipoondoka sikuona kitu chochote cha ajabu, nayo ndiyo sifa. Pikapu yake haina tabo, na injini ya namna hiyo hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Wolf Creek tulipanda polepole upande wa kulia, taa za hatari zikiwaka. Upande wa pili, mteremko unakaribia asilimia saba na una njia za kuchepukia zilizojaa kokoto, za malori yaliyoishiwa breki. Kuna wimbo wa mwaka 1975 wa C. W. McCall kuhusu lori lililoporomoka pale. Shemeji anaujua, ila hakuuweka.

Siku iliyofuata tuliondoka Pagosa Springs gizani, tukanywa chai Durango, tukavuka Coal Bank, tukavuka Molas, tukala Silverton. Kutoka hapo ni kilomita kama 16 hadi Red Mountain Pass, mita 3,358. Milima ya pale ni myekundu kweli, rangi ya udongo wenye chuma, na chini yake aspen zilikuwa manjano tupu. Watoto walipiga kelele. Shemeji alitazama mara moja, akasema "Mashallah," akarudisha macho kwenye lami.

Kabla kibao cha kilele hakijapita dirishani, alishateremsha gia. Hilo ndilo nililokuwa nimengoja kuliona. Wengi hushusha gia mteremko ukishawakamata. Yeye aliingia kwenye mteremko tayari yuko kwenye ya pili, injini ikiunguruma juu, mwendo ukiwa mdogo kuliko ule ulioandikwa kwenye kona. Kutoka kileleni hadi Ouray barabara inashuka karibu mita 980 ndani ya kilomita 21. Mguu wake haukukaa juu ya breki. Mwendo ulipopanda, alikanyaga kwa nguvu, kwa muda mfupi, akaachia kabisa, akaacha vyuma vipoe, akangoja. Kanyaga, achia, ngoja. Kwenye kona zinazojikunja alipanua kwanza, pua ya pikapu ikielekea mstari wa katikati bila kuuvuka, ili magurudumu ya trela yasipande ukingo wa ndani. Kioo cha upande wa kulia kilionyesha mwamba umepita karibu na bati, umbali uleule, kona baada ya kona.

Kushoto kwetu magari ya kwenda kusini yalipita ukingoni, madereva wameng'ang'ania usukani. Lilipita trela moja kubwa kuliko letu. Shemeji alilipisha kwa kusogea mwambani, akainua vidole viwili kumsalimia mwenzake.

Nilishusha dirisha kwenye kona za mwisho juu ya mji, nikanusa. Hapakuwa na harufu ya breki.

Ouray tuliegesha kwenye nafasi pana. Watoto walikimbilia maji ya moto ya mji huo. Shemeji akaweka kabari kwenye magurudumu, kisha akazunguka trela akishika kitovu cha kila gurudumu kwa nyuma ya mkono. Vitatu vilikuwa na joto moja. Cha nyuma kushoto kilizidi kidogo, si cha kutisha. Akakishika tena, akatoa daftari mfukoni, akaandika upande wake, tarehe, jina la mlima, na neno moja: grisi.